Mpaka Uliovuka Bahari: Wahindi wa Afrika Mashariki na Siasa za Kwao

Agosti 1947 Uingereza iliondoka India na kuiacha imekatwa mapande mawili. Mpaka mpya kati ya India na Pakistani ulipita katikati ya majimbo ya Punjab na Bengal, ukatenganisha mashamba na visima vyake, ndugu na ndugu. Mamilioni ya watu walihama makwao, na mamia ya maelfu waliuawa njiani au vijijini mwao. Huku kwetu Nairobi, Mombasa, Kampala, Dar es Salaam na Unguja, hakuna aliyechora mstari wowote. Hakuna Mhindi aliyelazimishwa kuhama mtaa. Hata hivyo, haikupita miaka mitano kabla Wahindi wa Kenya hawajatenganishwa katika madaftari mawili ya wapigakura: Waislamu kwao, wasio Waislamu kwao.

Hii ni historia ya namna mpaka ule ulivyovuka bahari. Ni historia pia ya watu waliokataa kuupokea, nao wanastahili kukumbukwa kwa majina, kwa sababu walichokifanya kilitufaa sisi sote tunaoishi katika nchi hizi.

Uhusiano wa pwani yetu na Gujarat na Kutch ni wa karne nyingi. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, yakibeba nguo, mchele, pembe na viungo. Katika karne ya 19 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa kampuni za Kihindi. Aliyejulikana zaidi katika kazi hiyo miaka ya baadaye ni Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyefika Unguja akiwa kijana. Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliajiri vibarua karibu 32,000, wengi wao kutoka Punjab, waje kutandika reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Takriban 2,500 walikufa kwa maradhi na ajali. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha, na kama 6,700 wakabaki. Nyuma yao wakaja wenye maduka, makarani, mafundi seremala, waashi, walimu na mawakili.

Mwafrika aliyeingia dukani aliwaita wote Wahindi. Wenyewe kwa wenyewe hawakuwa wamoja. Walikuwapo Wapatel na Walohana wa Gujarat, Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri, Masingasinga na Waislamu wa Punjab, na Wagoa Wakatoliki ambao kwa sheria walikuwa watu wa Ureno. Kila jamii ilijenga hekalu, gurdwara, msikiti, jamatkhana au kanisa lake, ikaanzisha shule yake, zahanati yake na kiwanja chake cha kriketi. Waliozana wenyewe kwa wenyewe na kuzikana wenyewe kwa wenyewe. Walikutana sokoni na mahakamani, na jioni kila mmoja alirudi kwa watu wake.

Kitu cha kwanza kilichowakusanya ni sheria ya kikoloni, kwa kuwa sheria haikujali nani Mbohora na nani Msingasinga. Ardhi nzuri ya Nyanda za Juu za Kenya ilitengwa kwa ajili ya Wazungu, na Mhindi yeyote, awe tajiri au maskini, hakuruhusiwa kuipata. Mjini alitengewa mtaa wake. Katika baraza la kutunga sheria hakuwa na kura. Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora mzaliwa wa Karachi aliyepata utajiri kwa kandarasi za reli, alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa mwaka 1902. Mwaka 1909 akawa Mhindi wa kwanza kuteuliwa katika baraza hilo. Alikaa peke yake kati ya Wazungu, akaona jinsi sauti moja isivyofua dafu.

Mwaka 1914, mjini Mombasa, ikaundwa Congress ya Wahindi wa Afrika Mashariki, Jeevanjee akiwa kiongozi wake. Jina lilichukuliwa kwa Chama cha Congress cha India, kilichoanzishwa 1885, na utaratibu pia ulikuwa wa kule: mkutano mkuu wa mwaka, rais wa kuchaguliwa, maazimio yaliyosomwa na kupitishwa, kisha kupelekwa Nairobi, London na Delhi. Tangu siku hiyo Wahindi wa huku walikuwa na mahakama mbili za kukata rufaa. Serikali ya koloni ikiwapuuza, walilalamika India. India nayo ilikuwa sehemu kubwa ya Dola ya Uingereza, kwa hiyo kilio chake kilisikika London kuliko cha koloni dogo la Afrika.

Mwaka huohuo vita vikuu vikaanza, na siasa za kwao zikawafikia kwa njia mbili zinazopingana. Novemba 1914 maelfu ya askari kutoka India walishushwa Tanga kupigana na Wajerumani wa kamanda Lettow-Vorbeck, wakashindwa vibaya, na wengi wakafia katika mashamba ya mkonge na minazi upande ule. Walikufa kwa ajili ya Mfalme wa Uingereza. Wakati huo chama cha Ghadar, kilichoundwa 1913 na Wahindi wa pwani ya magharibi ya Marekani, wengi wao vibarua wa Kipunjabi wa viwanda vya mbao na mashamba, kilikuwa kikichapa gazeti lake San Francisco na kulituma popote Wahindi walipokuwa, likiwataka waiasi Dola hiyohiyo. Maandishi ya Ghadar yalifika hadi kwenye karakana za reli za Afrika Mashariki. Serikali ikashtuka. Mahakama za kijeshi ziliketi, baadhi ya watu wakahukumiwa kifo na kuuawa, wengine wakafungwa au kufukuzwa nchini.

Vita vilipokwisha, Wahindi walitarajia malipo ya damu yao. Waliyopata ni habari za Amritsar, mji mtakatifu wa Masingasinga, ambako tarehe 13 Aprili 1919 jeshi la Uingereza liliwamiminia risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh. Kwa mafundi wa Kipunjabi wa Nairobi, huo ulikuwa msiba wa nyumbani. Mwaka uliofuata Kenya ikatangazwa rasmi kuwa koloni. Sensa ya 1921 ilihesabu Wahindi 22,822 na Wazungu 9,651, na Wazungu hao wachache ndio waliokuwa wakidai kujitawala juu ya wengine wote.

Ukweli una pande zake, na upande mmoja si wa kujivunia. Baadhi ya viongozi wa Kihindi wa wakati huo waliitazama Afrika Mashariki kama fungu lao katika Dola. Mwaka 1918 Aga Khan wa Tatu alipendekeza kwa maandishi kwamba koloni walilonyang'anywa Wajerumani, yaani Tanganyika, likabidhiwe India. Siasa za kwao ziliwapa watu hawa ujasiri wa kudai haki, na hapohapo zikawafundisha wengine kuiona nchi ya watu kama zawadi ya kugawiwa.

Aliyegeuza mwelekeo ni Manilal Ambalal Desai, Mgujarati aliyefika Kenya mwaka 1915. Alianzisha gazeti la East African Chronicle mjini Nairobi, na katika ofisi yake alimkaribisha kijana wa Kikuyu aliyekuwa mwendesha simu wa serikali, Harry Thuku. Mwaka 1921 Thuku alikuwa akipinga kipande (kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba), kupunguzwa kwa mishahara na kulazimishwa kwa wanawake kufanya kazi mashambani. Desai alimpa mashine ya kuchapia na ushauri. Thuku naye alipeleka ujumbe London ukieleza kwamba Waafrika hawakuwaona Wahindi kuwa kikwazo cha maendeleo yao. Walowezi walikasirika mno. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Serikali ilikiri vifo 21, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatangulia wanaume kwa ujasiri siku ile.

Mwaka 1923 kesi ya Wahindi na walowezi ilikwenda London. Kabla ya hapo walowezi walikuwa wamepanga uasi, pamoja na njama ya kumteka gavana, endapo Wahindi wangepewa haki sawa. Wahindi wa Kenya walituma wajumbe wao, Jeevanjee na Desai wakiwemo, na India ikamtuma Srinivasa Sastri, mmoja wa wasemaji wake mashuhuri. Jibu lilitoka Julai kwa jina la waziri wa makoloni, Duke wa Devonshire: Kenya ni nchi ya Waafrika, na maslahi yao ndiyo yatakayotangulia pale yatakapogongana na ya wageni.

Maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini hayakumpa Mwafrika hata kiti kimoja. Nyanda za Juu zilibaki mikononi mwa Wazungu. Wazungu walipata viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi watano, Mwarabu mmoja, na Waafrika wakawakilishwa na mmisionari mzungu. Wahindi waliona wamedhalilishwa, wakasusia uchaguzi. Januari 1924 walimwalika Sarojini Naidu, mshairi na mwanasiasa wa India, aongoze mkutano wao mkuu wa Mombasa. Mwaka uliofuata mama huyo alichaguliwa rais wa Congress ya India yenyewe, mwanamke wa kwanza wa Kihindi kushika cheo hicho. Kuja kwake kuliwaonyesha wenye maduka wa Mombasa kwamba hawakusahauliwa na wakubwa wa kwao. Katika miaka hiyo Mhindu, Mwislamu, Msingasinga na Mgoa waliweza kukaa jukwaa moja, kwa sababu India waliyoitazama ilikuwa moja.

Kilele cha nguvu hiyo kilionekana Unguja, na hapo pia ndipo gharama yake ilipoonekana waziwazi.

Wenye mashamba ya karafuu, Waarabu na Waswahili, walikuwa wamezama katika madeni kwa wakopeshaji wa Kihindi, na mashamba mengi yalikuwa rehani. Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria za kuzuia ardhi isihame kutoka kwa Waarabu na Waafrika, na ikaunda chama cha wakulima wa karafuu kilichosimamiwa na maafisa wake. Mwaka 1937 chama hicho kilipewa mamlaka ya pekee ya kununua karafuu kwa wakulima. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao biashara hiyo ilikuwa mkononi mwao kwa vizazi, waliona wanafukuzwa kiwanjani. Chama chao cha Unguja kilitangaza mgomo: hakuna Mhindi atakayenunua wala kusafirisha karafuu. Congress kule Bombay ikaungana nao, na wanunuzi wa India, nchi iliyokuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa karafuu ya Unguja, wakaacha kununua.

Hebu tuutazame mgomo ule kwa karibu. Karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, huambuliwa jioni na kuanikwa juu ya majamvi siku kadhaa hadi zigeuke rangi. Zikishakauka, ni fedha ya mkulima iliyotandazwa juani, naye huitegemea kulipa wachumaji, kununua mchele na kupunguza deni. Msimu ule zilikauka, zikatiwa magunia, zikakaa. Mfanyabiashara wa Mji Mkongwe alikuwa na akiba ya kuvumilia na taifa zima lililomtetea ng'ambo. Mkulima hakuwa na kimoja wala kingine. Mei 1938 serikali ilisalimu amri, yakafikiwa makubaliano yaliyowarudisha wafanyabiashara wa Kihindi katika ununuzi wa karafuu.

Ulikuwa ushindi mkubwa wa umoja. Mabohora, Waithnaasheri na Wahindu walishikamana miezi mingi, na India iliyokuwa bado koloni iliweza kuilazimisha serikali ya koloni jingine kurudi nyuma. Lakini fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Mwenye shamba alijifunza kwamba Mhindi jirani yake ana nguvu ya kufunga soko akiwa na maagizo kutoka mbali, na funzo hilo halikufutika haraka visiwani.

Bara, katika miaka hiyohiyo, kijana mmoja alikuwa akijenga umoja wa namna nyingine. Makhan Singh alizaliwa 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, Punjab, akaja Nairobi mwaka 1927 kumfuata baba yake, Sudh Singh, fundi aliyefungua kiwanda cha kuchapisha. Kijana alitunga mashairi ya Kipunjabi, akajifunza kazi ya uchapaji, na mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichoanza na mafundi wa Kihindi. Karibu mara moja chama kilifungua milango kwa watu wa rangi zote. Vipeperushi vyake vilitoka kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, maana Msingasinga aliyepanga herufi zile alijua kwamba mshahara wa fundi wa Kihindi hautapanda ukiwa wa kibarua wa Kiafrika umekaa chini.

Mwaka 1937 mafundi wa Nairobi waligoma kwa siku 62. Waajiri wengi waliogomewa walikuwa Wahindi wenzao, na hilo liliwashangaza waliozoea kusema jamii ni moja. Mgomo ulileta nyongeza ya mshahara ya kati ya asilimia 15 na 25. Baadaye Makhan Singh alikwenda India, akajiunga na harakati za wafanyakazi kule, na mwaka 1940 Waingereza wakamkamata na kumweka kizuizini, kisha wakamzuia asitoke kijijini kwake hadi 1945. Alirudi Kenya Agosti 1947. Mwezi huohuo Gharjakh ikawa Pakistani, nchi ambayo Msingasinga hakuwa tena na makazi ndani yake.

Hapo ndipo tunarudi kwenye mpaka.

Wahindi wa Afrika Mashariki walihusika na mgawanyiko ule kuliko wengi wanavyofikiri. Familia ya Gandhi ilitoka Porbandar, katika rasi ya Kathiawar. Familia ya Jinnah, mwasisi wa Pakistani, ilitoka Paneli, kijiji cha rasi hiyohiyo. Ni kutoka Kathiawar hiyo na jirani yake Kutch ambako wenye maduka wengi wa Mombasa na Dar es Salaam walifunga safari. Aga Khan, imamu wa Waismailia, alikuwa rais wa kwanza wa Muslim League, chama kilichokuja kudai Pakistani. Masingasinga na Waislamu wa Punjab waliofanya kazi pamoja katika karakana za reli walitoka wilaya zilezile ambazo sasa zilikuwa zikiwaka moto. Barua na magazeti yalileta majina ya vijiji wanavyovijua. Nankana Sahib, alikozaliwa Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Masingasinga, paliangukia ng'ambo ya mpaka. Mtu aliyempoteza shangazi na binamu hawezi kuambiwa kwamba habari hizo hazimhusu.

Hofu ya Waislamu nayo ilikuwa na msingi. Walikuwa wachache katika daftari la kura la Wahindi, na waliona kwamba Congress, kwa jina na kwa sura, ilizidi kuonekana chama cha India mpya isiyokuwa yao. Wengi wakaona bora wawe na wabunge wao wenyewe. Congress ilipinga kugawanywa, na wapo Waislamu waliosimama nayo. Serikali ya koloni haikuona ubaya wowote: watu waliokuwa wakiisumbua kwa sauti moja tangu 1914 sasa walikuwa wakiomba wenyewe watenganishwe. Uchaguzi wa 1952 ulifanyika kwa madaftari mawili, viti vinne kwa wasio Waislamu na viwili kwa Waislamu. Jina la Mhindi lenyewe likaanza kuleta utata, na vyama vingi vikahamia neno Waasia ili mtu wa Pakistani apate mahali pa kukaa.

Gandhi alipouawa Januari 1948, fedha zilichangwa Afrika Mashariki nzima kujenga chuo cha kumkumbuka. Mchango huo uliingizwa katika Chuo cha Ufundi cha Nairobi, mzizi wa Chuo Kikuu cha Nairobi cha leo, ambako sanamu yake imesimama tangu 1956. Kwa kuwa chuo kilikuwa cha watu wa rangi zote, watoto wa Waafrika, Waasia na Wazungu walisoma chini ya paa moja.

Nehru, waziri mkuu wa India huru, aliwaambia Wahindi wa Afrika jambo ambalo si wote walilipenda: wao ni wageni katika nchi za Waafrika, na kama hawawezi kuwa marafiki wa Waafrika, wasitegemee India iwalinde. Mwaka 1948 alimtuma Apa Pant awe mwakilishi wa kwanza wa India mjini Nairobi. Pant alijenga urafiki na viongozi wa Kiafrika na kusaidia vijana wao kupata nafasi za kusoma India, hadi Waingereza wakamchukia na kutaka aondolewe.

Waliokuwa mbele zaidi ya wote ni kundi dogo la wachapaji na waandishi wa habari. Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye gazeti la Colonial Times, alichapa pia magazeti ya Kiswahili, Habari za Dunia na baadaye Jicho, na alifungwa kwa kosa la uchochezi. Daily Chronicle liliwakusanya Wahindu na Waislamu katika chumba kimoja cha habari mwaka uleule wa mgawanyiko, mhariri wake akiwa Mwislamu, Haroon Ahmed. Wakati makwao watu walikuwa wakichinjana, hawa walikuwa wakisomeana rasimu za makala.

Na Makhan Singh alikuwa ameshika kazi. Amri ya kumtaka aondoke Kenya aliikataa mahakamani. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai, mwanaharakati wa Kiafrika wa vyama vya wafanyakazi, walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na yeye katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, mtaa wa Waafrika mashariki mwa Nairobi, chama cha Waafrika cha KAU na Congress ya Wahindi zilifanya mkutano wa pamoja kupinga mipango ya walowezi ya kuitawala Kenya. Jeevanjee na Desai walikuwa wameomba haki sawa ndani ya Dola. Makhan Singh alisimama akatoa azimio la uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, mbele ya wajumbe wa Kiafrika na wa Kihindi, hadharani. Kabla ya kutimia mwezi mmoja, tarehe 15 Mei, yeye na Kubai walikamatwa. Nairobi iligoma siku kadhaa ikidai waachiwe. Kubai aliachiwa baadaye, akakamatwa tena. Makhan Singh alikaa kizuizini Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11.

Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa, na kiongozi wa KAU, Jomo Kenyatta, na wenzake watano wakapelekwa kushtakiwa Kapenguria, mahali palipochaguliwa kwa sababu ni mbali na kila kitu. Kesi ilisikilizwa katika jengo la shule. Mawakili walilala Kitale na kusafiri kwa gari kila siku kwenda na kurudi. Ukiacha kiongozi wa mawakili hao, Mwingereza D. N. Pritt, na wenzao H. O. Davies wa Nigeria na Dudley Thompson wa Jamaika, waliokaa upande wa utetezi walikuwa Achhroo Kapila, Jaswant Singh, kijana Mgoa Fitz de Souza, na Diwan Chaman Lall, mbunge aliyetoka India. Mwaka ule ambao Wahindi walipiga kura kwa madaftari mawili, Mhindu, Msingasinga na Mkatoliki walikaa meza moja kumtetea Mwafrika.

Wagoa walikuwa na mpaka wao. Goa ilikuwa ya Ureno hata baada ya Waingereza kuondoka, na Wagoa wengi wa Afrika Mashariki, makarani waaminifu wa serikali, washonaji nguo, wapishi na madaktari, walibeba pasipoti za Kireno. Klabu zao Nairobi zilitengana kwa kazi na kwa tabaka: makarani na klabu yao, washonaji na yao. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1927, alisomea India, akajiunga na wanaharakati wa kuikomboa Goa, na mwaka 1949 akarudi Kenya huku Wareno wakimwinda. Aliwaambia Wagoa wenzake kwamba hawawezi kuitakia Goa uhuru wakiukataa wa Kenya. Mwaka 1954 Waingereza walimkamata miezi michache tu baada ya harusi yake, wakampeleka kisiwa cha Manda, kisha Kabarnet, na hakuwa huru hadi 1959. India iliitwaa Goa Desemba 1961, ndani ya siku mbili. Pinto alikuwa tayari amezama katika KANU, chama kilichoiongoza Kenya hadi uhuru, na tarehe 24 Februari 1965, akiwa mbunge, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi.

Tanganyika ilikwenda kwa utulivu zaidi. Chama cha Waasia cha Dar es Salaam, kilichokuwa na watu kama Amir Jamal, kiliikumbatia mapema TANU, chama cha uhuru cha Nyerere. Mwaka 1958 Nyerere aliposhtakiwa kwa kashfa, mawakili Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri, Mwislamu na Mhindu, walimtetea pamoja na Pritt. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, ambapo kila mpigakura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, Jamal na Sophia Mustafa walishinda wakiungwa mkono na TANU. Jamal alikaa katika baraza la mawaziri miaka mingi, akiisimamia hazina ya nchi kwa uaminifu uliokuwa mfano.

Uhuru ulipofika, nchi za kwao ziliwasaidia kidogo sana. Mwaka 1968 Uingereza ilifunga mlango kwa Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti zake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, hakujali nani Mhindu, nani Mwislamu, nani aliwahi kumchangia Gandhi na nani Jinnah. Mpaka uliowagawa kwa robo karne haukumzuia hata mmoja asipande ndege Entebbe.

Nikiitazama historia hii yote, naona umoja wa aina mbili. Ule uliosimama juu ya fahari ya India ulikuwa na nguvu ya ajabu, uliwahi kutikisa Unguja na London, lakini ulitegemea nchi iliyo mbali, na nchi hiyo ilipogawanyika, nao ukagawanyika. Umoja mwingine ulianza kiwandani, kwenye chumba cha habari, mahakamani na kizuizini, kati ya watu wenye shida moja katika mji mmoja. Huo haukuhitaji ruhusa ya Delhi wala Karachi, na 1947 haikuuvunja. Makhan Singh, ambaye kijiji chake kilikwenda Pakistani na familia yake ikabaki Nairobi, hakuhitaji kusema yeye ni wa wapi kwa maneno mengi. Alisema kwa kukataa kuondoka.

Deni letu kwao halijalipwa. Makhan Singh aliachiwa bila kupewa nafasi yoyote ya maana katika Kenya huru, akatumia miaka yake ya mwisho kuandika historia ya vyama vya wafanyakazi, akafariki 1973. Julai 2017 serikali ya Kenya ilitambua Waasia rasmi kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. Ni jambo jema, lakini kutambuliwa kuwa kabila ni karatasi tu. Mtoto wa Kenya au Tanzania asiyefundishwa kuhusu Kaloleni, kambi ya kizuizini ya Manda na utetezi wa Kapenguria bado ataendelea kumwona Mhindi kuwa mwenye duka tu, na mtoto wa Kihindi ataendelea kuamini kwamba historia yake iko ng'ambo. Wote wawili wanastahili kuisoma hii katika vitabu vya shule, kwa sababu ni historia ya nchi yao.